Isabella Alisoma Vibaya: Penzi la Giza na Wasomaji wake katika Wuthering Heights

Ukitaka kuliona darasa la fasihi likigawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga, taja tu jina la Heathcliff. Upande mmoja utasikia kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kupenda kama yeye: alimpenda mwanamke mmoja tangu utotoni, akampenda alipoolewa na mwingine, na akaendelea kumpenda miaka 18 baada ya kuzikwa. Upande wa pili utajibu kwamba huyo ni katili, mpiga wanawake na mfukua makaburi, na kwamba kitabu kinachomweka mtu wa namna hiyo katikati ya hadithi hakifai kupewa vijana. Kipindi kinakwisha, tunatoka, na kila mtu anaondoka na lake.

Makala haya hayakusudii kuamua mshindi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ugomvi huo wetu umo tayari ndani ya riwaya yenyewe. Emily Brontë hakuwaumba wapenzi tu. Aliwaumba na wasomaji pia. Yumo mhusika anayetumia vitabu kuzibia asichotaka kukiona, na yumo mwingine anayelitazama penzi la giza kama hadithi tamu mpaka anatoka damu. Wote wawili wanasoma vibaya. Basi tusomeje? Swali hili si la mtihani peke yake. Miongoni mwetu bado wapo wanaosema kwamba wivu ndio kipimo cha mapenzi, na eti mwanamume akikupiga ujue anakujali. Tukiisoma vibaya riwaya ya aina hii, tunaipalilia imani hiyo. Tukiikataa moja kwa moja, tunatupa kitabu kinachoifichua.

Kitabu chenyewe

Wuthering Heights ilitolewa London mwezi Desemba 1847 na mchapishaji Thomas Newby, kwa jina la kubuni la Ellis Bell. Mwandishi wake alikuwa binti wa kasisi, mkazi wa Haworth huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mwenye umri wa miaka 29. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1848, alifariki dunia. Hii ndiyo riwaya pekee aliyoichapisha. Wahakiki wa wakati ule walikiri kwamba ina nguvu, lakini wengi walishtushwa na ukatili wake. Charlotte Brontë alipoitoa upya mwaka 1850 aliandika dibaji ya kumtetea marehemu mdogo wake. Lakini hata yeye alitia shaka kama ni jambo jema kumwumba kiumbe kama Heathcliff. Kwa hiyo tusidhani kwamba mashaka haya yameanzia kwenye madarasa yetu. Yalianzia nyumbani kwa mtunzi.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni hiki. Mzee Earnshaw, mwenye shamba na nyumba iitwayo Wuthering Heights, anakwenda Liverpool kwa miguu na kurudi na mtoto wa kuokota, mweusi wa sura kuliko watu wa pale, asiyejulikana kwao wala wazazi wake. Anampa jina la Heathcliff, jina la mwanawe aliyekufa. Mtoto huyu analelewa pamoja na watoto wawili wa nyumba, Hindley na Catherine. Hindley anamchukia, Catherine anaambatana naye kama kivuli. Mzee akifa, Hindley anamgeuza Heathcliff kuwa kibarua na kumnyima masomo. Catherine anaamua kuolewa na Edgar Linton, kijana tajiri wa Thrushcross Grange, ingawa anamkiri Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, kwamba nafsi yake na ya Heathcliff ni kitu kimoja. Heathcliff anasikia nusu ya maneno hayo, ile ya kwamba kuolewa naye kungekuwa kujidhalilisha, anaondoka kabla ya kusikia nusu ya pili. Miaka 3 baadaye anarudi na fedha na kisasi. Anamtorosha Isabella, dada yake Edgar, na kumwoa. Catherine anafariki akijifungua binti. Kuanzia hapo Heathcliff anatumia maisha yake yote kuziteketeza nyumba mbili, kizazi cha kwanza na cha pili.

Zingatia jambo moja la fani. Riwaya ina sura 34, na Catherine anafia kwenye sura ya 16. Maana yake ni kwamba nusu nzima ya kitabu inabaki baada ya kile ambacho wengi wanakiita hadithi yenyewe. Filamu mashuhuri ya William Wyler ya mwaka 1939 ilikiacha kabisa kizazi cha pili. Nadhani wasomaji wengi wa Heathcliff ni wasomaji wa nusu kitabu.

Ukuta wa vitabu

Msimulizi wa kwanza ni Lockwood, mpangaji mpya wa Thrushcross Grange mwaka 1801, kijana wa mjini anayejiona kuwa mstaarabu. Usiku mmoja theluji inamzuia Wuthering Heights, naye analazwa katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha Catherine. Hapo anakuta vitabu vyake, na ukingoni mwa kurasa zake Catherine ameandika habari zake mwenyewe kwa mkono wa kitoto. Lockwood anazisoma kidogo, anasinzia, anaota. Katika ndoto mkono wa mtoto unapenya kwenye dirisha lililovunjika, na sauti inaomba iingizwe ndani.

Je, mstaarabu wetu anafanya nini? Anaukamata mkono ule na kuusugua kwenye kioo kilichovunjika mpaka damu inatiririka kwenye matandiko. Kisha anavirundika vitabu mbele ya tundu ili mtoto asiingie. Hili ndilo tendo la kwanza la kutisha katika riwaya nzima, na halikufanywa na Heathcliff. Limefanywa na mtu mwenye adabu zake, na silaha yake ya mwisho ni vitabu.

Mimi namwona Lockwood kama kielelezo cha msomaji anayetaka fasihi imkinge. Kitabu kwake ni tofali. Hapa kwetu tunalijua tofali hilo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi kwa sababu ilisema waziwazi mambo ya wasichana na wanaume ambayo watu wazima hawakutaka yasemwe. Lakini riwaya hiyo hiyo inamhusu baba, Zakaria, anayemzuia binti yake kwa kipigo asijue lolote kuhusu wavulana, na matokeo yake ni maangamizi. Yaani kitabu kilichoonya juu ya ukuta kikajengewa ukuta! Wanaotaka Wuthering Heights iondolewe wanarudia tendo la Lockwood. Mtoto yupo dirishani. Kurundika vitabu hakumwondoi. Kunatufanya tusimsikie tu.

Isabella, msomaji wa hadithi tamu

Tuje sasa upande wa pili, ule wa mashabiki. Mwakilishi wao ni Isabella Linton.

Isabella ana umri wa miaka 18, amelelewa katika nyumba ya zulia na mapazia, hajawahi kuona mtu kama Heathcliff. Anampenda mara moja. Hatuwezi kusema hakuambiwa. Catherine mwenyewe, anayemjua Heathcliff kuliko mtu yeyote, anamwonya kwamba yule si almasi iliyojificha ndani ya jiwe. Ni mtu mkali asiye na huruma, mwenye tabia za mbwa mwitu. Isabella anajibu kwamba hayo ni maneno ya wivu. Nelly naye anamwonya, hasikii. Waswahili walishasema: akipenda, chongo huita kengeza. Wakati huo huo Heathcliff, alipopewa habari kwamba Isabella anampenda, swali lake muhimu linahusu mali: je, binti huyu ndiye mrithi wa kaka yake?

Usiku wa kutoroka, Heathcliff anamtundika kwa shingo mbwa mdogo wa Isabella. Nelly anamkuta mnyama amening'inia, karibu kufa, na kumwokoa. Baadaye Heathcliff anajisifu mbele ya mkewe kwamba alimwonyesha rangi yake tangu mwanzo na bado akamfuata. Hapo ndipo anapotamka jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni ufunguo wa riwaya: anasema kwamba Isabella alimwacha nduguze kwa sababu alimchora akilini mwake kama shujaa wa hadithi za mapenzi, akatarajia kubembelezwa bila kikomo. Jamani, tusome hapo taratibu. Shujaa wetu wa penzi la giza anasimama katikati ya kitabu na kumcheka mwanamke aliyemdhania kuwa shujaa wa penzi la giza. Anamcheka Isabella, na nyuma yake anatucheka sisi.

Kisha mtunzi anafanya jambo la haki ambalo si lazima angelifanya: anampa Isabella sauti yake. Sehemu kubwa ya sura ya 13 ni barua yake, na sehemu kubwa ya sura ya 17 ni masimulizi yake mwenyewe. Katika barua anamwuliza Nelly kama huyu aliyeolewa naye ni binadamu kweli. Anaeleza nyumba isiyo na chumba kwa ajili yake, watu wasiomtazama, na shemeji mlevi anayemwonyesha bastola yenye kisu. Katika sura ya 17 anafika Thrushcross Grange mbio, siku ya theluji, katika gauni jepesi, na jeraha chini ya sikio, kwani mumewe amemrushia kisu cha mezani. Anaivunja pete yake ya ndoa na kuitupa motoni. Anakwenda kuishi kusini, karibu na London, anamzaa mtoto huko, na harudi tena.

Wapenzi wa Heathcliff huwa hawazitaji kurasa hizi. Nimewasikia wenzangu wakieleza maneno ya Catherine kuhusu nafsi moja karibu kwa moyo, lakini ukiwauliza Isabella alitorokaje, wanatafuta. Isabella ni shahidi aliyeitwa na mwandishi, akatoa ushahidi kamili, na mahakama ya wasomaji ikaufuta kwa sababu unaharibu mapenzi. Kama tunataka kuisema riwaya hii kuwa ya mapenzi, tuiseme pamoja na kisu kile.

Tusimfanye Isabella kuwa malaika, lakini. Ndani ya miezi michache naye amejifunza ukatili. Kisu alirushiwa baada ya kumchokoza Heathcliff kwa makusudi juu ya kifo cha Catherine, akijua wazi pa kumchoma. Na alipokuwa akikimbia, alimpita Hareton mdogo, mtoto wa Hindley, akiwanyonga watoto wa mbwa kwenye kiti. Mtoto huyo amejifunza kwa nani? Katika nyumba ile ukatili unaambukiza kama surua.

Jeraha si ruhusa

Hoja kubwa ya mashabiki ni kwamba Heathcliff aliumizwa. Ni kweli, na mhakiki anayeisahau hoja hii hafai. Mtoto wa kuokota Liverpool, bandari iliyokuwa kinara wa biashara ya watumwa katika Uingereza ya wakati ule, anaingia katika nyumba ya wakulima wenye mali na kuitwa kama kitu. Watu wanamkisia kuwa Mhindi wa melini, au mtoto wa Mmarekani au Mhispania aliyetupwa pwani. Mhakiki Terry Eagleton katika kitabu chake cha mwaka 1995 alimhusisha na Ireland na njaa yake kuu. Sisi wasomaji wa Afrika tunaweza kumwona kwa urahisi kama mmoja wetu: mweusi mezani pa weupe, aliyenyimwa kalamu akapewa jembe. Catherine alimwomba baba yake amletee mjeledi kutoka Liverpool. Mjeledi ukapotea njiani, akaletewa Heathcliff. Nani asiyeuona ujumbe huo?

Uhakiki wa kitabaka, ambao wengi wetu tumekuzwa nao, unatusaidia hapa. Kisasi cha Heathcliff hakikufanywa kwa panga. Kilifanywa kwa hati. Hindley alipozama katika ulevi na kamari, Heathcliff alimkopesha fedha mpaka Wuthering Heights ikawa rehani mkononi mwake. Kwa Thrushcross Grange alitumia ndoa: alimfungia ndani binti ya Catherine, aitwaye Cathy, akampiga makofi, akamlazimisha kuolewa na Linton, mwanawe mgonjwa, huku baba wa binti akikata roho. Sheria ya Kiingereza ya enzi hiyo iliweka mali ya mke mikononi mwa mume. Ni sheria ya mwaka 1882 iliyompa mke haki pana ya kumiliki mali yake. Kwa hiyo mnyonge wa jana aliwashinda mabwana kwa sheria zao wenyewe.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaomwona kama mwanamapinduzi. Heathcliff hakuuvunja mjeledi, aliuokota. Alipompata Hareton, mtoto wa adui yake, hakumkomboa. Alimfanyia lile lile alilofanyiwa: alimnyima kusoma, alimgeuza mtumishi katika nyumba ambayo ingekuwa yake, na akatangaza kwamba anataka kuona kama mtoto huyu naye ataharibika kwa malezi yale yale. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Heathcliff aliijua methali hiyo akaitumia kama sumu. Jeraha linaeleza. Halitoi ruhusa. Riwaya inatuwekea mambo hayo mawili mezani kwa pamoja na haituruhusu kuondoa moja. Tunamwona mtoto anayedhulumiwa, moyo unauma. Tunageuza kurasa, tunaona mtu mzima anayedhulumu watoto, na moyo ule ule hauna pa kukimbilia.

Na Catherine? Penzi lake nalo si la kuigwa. Anataka Edgar kwa ajili ya nyumba na heshima, anataka Heathcliff kwa ajili ya nafsi yake, na asipowapata wote wawili kwa pamoja anajifungia chumbani siku 3 bila kula. Kusema kwamba mimi na wewe ni mtu mmoja ni maneno mazuri sana, lakini mtu mmoja hana haja ya kuulizana. Katika mkutano wao wa mwisho Catherine anamvuta Heathcliff nywele, naye anaacha alama nne za bluu kwenye mkono wa mgonjwa. Wanaumizana kwa sababu hakuna kati yao anayekubali kwamba mwenzake yupo nje yake.

Mwiko wa nani?

Riwaya hii huitwa ya miiko, lakini inafaa tuulize: miiko ya nani? Mwiko wa kwanza ni udugu. Heathcliff na Catherine hawakuzaliwa pamoja, lakini walikula chungu kimoja, wakalala chumba kimoja utotoni, na yeye alipewa jina la marehemu wa nyumba ile. Mwiko wa pili ni mke wa mtu. Wa tatu ni maiti: usiku wa mazishi Heathcliff anafukua mpaka kwenye jeneza, na miaka 18 baadaye, kaburi la Edgar lilipochimbwa, analifungua tena jeneza la Catherine na kumhonga mchimba kaburi aje aondoe ubao wa pembeni ili yeye akizikwa hapo vumbi lao lichanganyike.

Lakini jambo linalowashtua baadhi ya wenzetu darasani ni jingine kabisa. Cathy anaolewa kwanza na mtoto wa shangazi yake, kisha anachumbiwa na mtoto wa mjomba wake. Kwa mwenzetu anayetoka Pwani au Unguja, ndoa ya binamu ni jambo la kawaida, hata la kupendelewa. Kwa wengi wa bara ni mwiko mzito. Kwa Waingereza wa mwaka 1847 halikuwa na tatizo. Funzo ninalolipata hapa ni kwamba mwiko peke yake si kipimo cha uovu. Tukimhukumu Heathcliff kwa sababu tu amevuka mipaka ya mila, kesho tutamhukumu pia Cathy ambaye hakumdhuru mtu. Kosa la Heathcliff halimo katika kumpenda aliyelelewa naye. Limo katika kuwageuza walio hai, Isabella, Hareton, Linton, Cathy, kuwa kuni za kumwotea moto marehemu.

Ukingoni mwa kurasa

Nimesema kuna wasomaji wawili wabaya. Msomaji mzuri tunampata pale ambapo wengi wameshakifunga kitabu.

Cathy, baada ya kufiwa na mumewe Linton, anabaki Wuthering Heights bila mali wala uhuru. Hata vitabu vyake Heathcliff amevichukua. Hareton, ambaye hajui kusoma, amekuwa akijifunza kwa siri, akikokoteza maneno peke yake. Cathy anamgundua na kumcheka mbele ya mgeni. Kwa aibu na hasira Hareton anavitupa vitabu motoni. Ni sura ngumu, kwani binti tunayempenda ndiye anayefanya ukatili, tena ukatili wa msomi kwa asiyesoma. Sisi wa vyuoni tuisome mara mbili.

Lakini riwaya haiishii hapo. Cathy anajirudi. Anakifunga kitabu kimoja vizuri katika karatasi nyeupe, anaandika juu yake jina kamili la Hareton Earnshaw, na kumtuma Nelly akampe: akikipokea, atamfundisha kukisoma. Anakipokea. Lockwood aliporudi mwaka 1802 anawachungulia dirishani: Hareton anasoma, akikosea anapigwa kofi la mzaha, akipatia anapewa busu. Mtu wa nje aliyewahi kurundika vitabu dirishani sasa anatazama kupitia dirisha watu wawili waliokifungua kitabu kimoja.

Na angalia mwisho wa kisasi. Heathcliff anaingia chumbani, anawakuta wakisoma. Wanainua macho kwa pamoja, na macho yote mawili ni ya Catherine. Anakichukua kitabu mkononi mwa Hareton, anautazama ukurasa, anakirudisha bila neno. Kuanzia hapo hana tena nguvu ya kuangamiza. Siku chache baadaye anaacha kula, na asubuhi moja Nelly anamkuta amekufa, dirisha wazi, mvua imemlowesha. Aliyemlilia kwa uchungu wa kweli ni Hareton, yule aliyedhulumiwa kuliko wote. Harusi ya Hareton na Cathy inapangwa siku ya mwaka mpya wa 1803.

Wapo watakaosema kwamba penzi hili la pili ni dogo, halina radi. Ni kweli halina radi. Ila ndani yake kuna watu wawili, kila mmoja anamwona mwenzake, na wanasahihishana makosa bila kutoana damu. Hapa nalikumbuka tena lile daftari la utotoni la Catherine, maandishi yaliyobanwa ukingoni mwa kurasa za watu wengine. Yeye alikuwa peke yake na kitabu. Binti yake amepata wa kusoma naye.

Hitimisho

Msimamo wangu basi ni huu. Wuthering Heights isomwe, tena isomwe na vijana, lakini isomwe yote. Mwalimu anayeiogopa ajue kwamba onyo analotaka kulitoa limeshatolewa na mwandishi kwa nguvu kuliko mahubiri, kwani limetolewa na Isabella mwenye jeraha shingoni. Na mwenzangu bwenini anayesema anatamani kupendwa kama Heathcliff alivyopenda, namwomba aisome sura ya 13 na ya 17 kabla hajatamani. Heathcliff alimpenda mmoja aliyekwisha kufa. Waliobaki hai waliolala nyumba moja naye walikuwa wakifunga milango kwa ndani.

Kuna swali moja ambalo sijalimaliza, nami nawaachia wasomaji wa jarida hili. Mwishoni kabisa mtoto mchungaji analia njiani akidai amemwona Heathcliff na mwanamke kule mlimani, na kondoo wake wamekataa kupita. Lockwood anasimama makaburini na kuona utulivu mtupu. Nani anasoma vizuri hapo, mtoto au mpangaji? Mimi niko upande wa mtoto. Anayeona vingine aandike, tubishane toleo lijalo.